Krispi za Mama Elisaria

Nilianza kazi kwa kufuta vumbi. Duka la taipu la Mama Aikande lilikuwa karibu na soko kuu, chumba kimoja chenye mashine nne za taipu na benchi la wateja waliosubiri barua zao za kuomba kazi. Nilikuwa nimeacha shule nikiwa kidato cha pili. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla kahawa ya msimu ule haijaiva, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Wadogo zangu watatu walinitazama kama watu wanaosubiri tangazo. Tangazo likawa kwamba ninashuka mjini kutafuta kazi.

Nawaandikia ninyi walimu vijana mliobaki pale kituoni Themi, kuwafundisha akina mama kompyuta na biashara. Mmeniuliza mara nyingi nilifikaje pale bila cheti, na kila mara niliwajibu kwa mzaha. Sasa nimestaafu na mzaha umeniishia.

Mama Aikande alikuwa Mchaga wa Machame, mjane, mtu wa kiti cha mbele kanisani, na kusifu hakukuwa kazi yake. Mwanzoni alinikataza kabisa kuandika. Nilisafisha herufi za mashine kwa mswaki na mafuta ya taa, nikabadilisha riboni, nikafagia. "Kwanza ujue zinavyochafuka," alisema. Siku aliponiruhusu kukaa, alivua kanga mabegani, akanifunika mikono yote miwili pamoja na mashine.

"Mama, sioni."

"Nani amekuambia uone? Ukimsuka mdogo wako unatazama vidole vyako?"

"Natazama nywele."

"Basi tazama karatasi."

Nilijifunza hivyo, chini ya kanga, nikikosea na kuchapwa kidogo begani kwa rula. Hakunifundisha kingine zaidi ya hicho, na hicho kimenilisha mimi na wadogo zangu mpaka wote wakamaliza shule. Mmoja wao siku hizi akiwa na wageni hunitambulisha kama "dada yetu wa kompyuta," utadhani naziuza barabarani.

Kompyuta zilipoingia mjini, Mama Aikande alizitazama kama mkwe asiyesalimia. Wateja wa taipu walipungua, akafunga duka, akarudi kwao. Kituo chetu ndiyo kwanza kilikuwa kinafunguliwa, na mkurugenzi wa wakati ule alikuwa anatafuta mwanamke anayejua kuchapa bila kutazama na anayejua Kimeru. Watu wenye vyeti walikuwa wengi. Wenye Kimeru na vidole walikuwa wachache.

Siku yangu ya kwanza kituoni tulifungua maboksi ya msaada. Kompyuta zilikuwa nzito kama mawe ya kusagia, na kibodi zote zilikuwa za Kijerumani. Ninyi hamkuzikuta. Kwenye kibodi ile herufi Y imekaa mahali pa Z, na Z mahali pa Y. Kwa Mjerumani labda si neno. Kwa Mswahili ni msiba, maana sisi bila *ya* na *za* hatuendi popote. Nilichapa "Kazi ya mama" nikiwa nimekaza macho kwenye karatasi, kama nilivyofundishwa, na kwenye kioo ikatokea "Kayi za mama." Mkurugenzi aliniangalia. Nadhani alikuwa anajiuliza kama wenye vyeti bado wanapatikana.

Tulibandika vipande vya plasta juu ya zile herufi mbili, tukaziandika kwa kalamu. Plasta zilibanduka kwa jasho, tukabandika nyingine. Tulifundisha hivyo kwa muda mrefu. Umeme ulikatika, betri za akiba zililia kama vifaranga, na akina mama walichukua mikoba yao wakidhani ni kengele ya kuondoka.

Kundi nililolipenda lilikuwa la Tengeru. Tulipewa chumba nyuma ya ukumbi wa kanisa, na hatukufundisha siku za soko, kwa sababu siku ya soko hata mwalimu hangekuwepo. Walikuja kutoka Akheri, Poli, Nkoaranga, wamefunga vitenge, viatu vikiwa na udongo mwekundu wa mlimani. Zoezi la kwanza lilikuwa rahisi: kila mtu aandike jina lake. Nilipita nyuma yao nikasoma kwenye vioo. Mama Nderingo. Mama Anaeli. Mama Elisaria.

"Hapana," nikasema. "Majina yenu. Mliyobatizwa nayo."

Wakaangaliana. Mwanamke mmoja mwembamba aliyekaa karibu na dirisha ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote.

"Mwalimu, lile la usichana? Lile niliacha kwa baba, Poli. Nikiliandika hapa nani atanijua?"

"Nitakujua mimi."

"Na wewe utanunua krispi zangu zote?"

Darasa likacheka mpaka mlinzi akachungulia. Huyo alikuwa Mama Elisaria. Jina lake la ubatizo lilikuwa Yunisi. Alikuwa akikaanga krispi za ndizi nyuma ya nyumba yake Akheri, kwenye karai kubwa, kwa kuni, na kuziuza sokoni Tengeru kwenye vimfuko alivyovifunga fundo.

Kwa wale kati yenu waliokuja Arusha kwa ajili ya kazi na bado wanaona majina yetu yote ni sawa, niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Kwetu Wameru mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Na mama yake tangu siku hiyo huitwa kwa jina la mtoto. Kwa hiyo mwanamke anayeolewa Umeruni anaweza kuishi maisha yake yote akiitwa mama wa baba mkwe wake. Hakuna anayeliona hilo kuwa la ajabu. Hata mimi sikuliona, mpaka nilipoliona kwenye kioo cha kompyuta limeandikwa safu nzima.

Mama Elisaria hakuwa mwepesi. Siku za mwanzo aliinua mausi hewani akaielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi mbichi, na havikutakata kwa sabuni yoyote. Lakini hakukosa hata somo moja, na nilipowafunika mikono kwa kanga, wenzake wakilalamika giza, yeye alisema, "Nimezoea. Umeme ukikatika namenya ndizi hivihivi." Muda si mrefu alikuwa anachapa haraka kuliko wote.

Alijifunza kupanga bei ya pakiti bila kusahau kuni na jasho lake mwenyewe. Alijifunza kuandika barua pepe fupi, kuomba nafasi ya kuonyesha bidhaa, kutuma picha zisizo na mbuzi nyuma yake. Alijifunza kusema hapana, somo ambalo halipo kwenye mtaala ila nililiingiza. Tulipofika kwenye kutengeneza lebo, nilimwambia afikirie jina vizuri. Nikamtajia Yunisi.

"Yunisi ni nani?" akaniuliza. "Ukisimama pale sokoni ukamwulizia Yunisi, watakuuliza yupi. Ukiuliza Mama Elisaria, mbwa wenyewe watakuonyesha njia."

Alikuwa sahihi. Biashara ni jina ambalo watu tayari wanalo mdomoni. Akaandika lebo yake, *Krispi za Mama Elisaria*, akachora ndizi mbili zilizopishana, akachagua kijani. Aliprinti ya kwanza akainusa.

Kuna siku nilimsindikiza kwenye hoteli moja mjini iliyokuwa imejibu barua yake. Kijana wa manunuzi alitoka akatutazama sisi wawili, akachagua kuongea na mimi kwa sababu nilivaa miwani.

"Krispi ni nzuri," alisema. "Ila ningependa kuongea na mwenye biashara."

"Unaongea naye," akasema Mama Elisaria.

"Namaanisha bosi, mama."

"Bosi ndiye huyu mwenye mikono michafu. Huyu mwenye miwani nimemleta anisaidie kubeba."

Kijana akaomba radhi, na oda ikatoka palepale. Tukarudi tukicheka njia nzima. Kituoni mkurugenzi akaiandika kwenye ripoti chini ya kichwa cha "kujiamini." Wafadhili walilipenda sana neno hilo. Walipokuja kutembelea walimpiga Mama Elisaria picha ameshika mausi, kitenge kimeangaziwa na jua la dirishani, na picha ikaenda Ulaya kabla yeye hajaiona. Lakini sitaki kuwa mwongo: alijiamini kweli. Ripoti hazikudanganya. Ziliishia mapema tu.

Tatizo lilianza kwenye vidole. Kusajili jina la biashara kunahitaji kitambulisho cha taifa, na kitambulisho kinahitaji alama za vidole. Alikwenda akaweka kidole kwenye ile mashine ndogo yenye taa. Mashine ikakataa. Akaweka kingine. Ikakataa. Yule binti aliyekuwa anahudumia alimfuta kwa kitambaa, akambonyeza mkono kwa nguvu zake zote, hakuna.

"Mama," akamwambia, "vidole vyako havina alama."

"Zilikuwepo," akajibu. "Nimezimenyea ndizi."

Akanisimulia akicheka. Kumenya ndizi mbichi, kisu na utomvu, mwaka baada ya mwaka, kunalainisha vidole mpaka vinakuwa kama kigae. Wakulima wetu wengi wako hivyo. Hata laini ya simu ilimkatalia, maana nayo inataka kidole. Kwa hiyo laini ikasajiliwa kwa jina la mwanawe. Elisaria wakati huo alikuwa chuoni mjini akisomea biashara, kijana mrefu, mpole, anayesalimia kwa mikono miwili. Ada yake ilitoka kwenye karai. Alipopata habari za usajili uliokwama, akamwambia mama yake, "Mama, tusajili kwa kitambulisho changu kwa muda. Chako kikikaa sawa, tunahamisha."

"Mtoto mwenye akili," mama yake akaniambia, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Nikamwambia asichelewe kuhamisha. Akasema sawa. Kisha mumewe akaugua, akafa, na kwa muda hakuna aliyewaza habari za kuhamisha chochote.

Alhamisi moja baada ya matanga aliingia darasani Tengeru, akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akafungua barua pepe ya biashara. Baadaye akaniita kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, imenikatalia."

Nikasimama nyuma yake. Aliandika nenosiri polepole, herufi moja moja. Kibodi za Kijerumani tulikuwa tumeshaziacha zamani, lakini nilihakikisha hata Z zake. Zilikuwa sahihi.

"Labda ni mtandao," akasema.

"Siyo mtandao. Nenosiri limebadilishwa."

"Na nani?"

Nenosiri hubadilishwa kwa ujumbe wa simu. Alikuwa anajua kama mimi ile laini imesajiliwa kwa jina la nani. Alibaki ameweka mikono juu ya kibodi kana kwamba kuna kitu bado kinakuja.

Wiki hiyohiyo nikaona pakiti mpya dukani. Kijani ilikuwa ileile, ndizi zilezile, ila neno Mama halikuwepo. *Elisaria Krispi.* Nyuma ya ndizi walikuwa wameweka picha ya Mlima Meru.

Jumapili baada ya ibada nikapanda na Mama Elisaria hadi Akheri. Tulimkuta Elisaria sebuleni pamoja na baba yake mdogo, Mzee Zakayo, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu. Elisaria akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu sana. Mama amekuwa akikusifu tangu nikiwa sekondari."

Nikasema nimekuja kuuliza habari za jina. Hakubadilika uso. Alikuwa amejiandaa, kama mwanafunzi wa mtihani wa mdomo.

"Mwalimu, mama ataendelea kuwa sehemu ya kampuni. Hakuna aliyemfukuza. Yeye ndiye uzalishaji."

"Yeye ni nini?"

"Uzalishaji. Mimi nashika masoko na usimamizi. Ni mgawanyo wa kazi tu."

"Na jina?"

Hapo Mzee Zakayo akaingia. "Elisaria ni jina la baba yangu," alisema. "Lilikuwepo kwenye boma hili kabla huyu mama hajaletwa hapa kuolewa. Mwanamke analibeba jina la ukoo, Mwalimu. Halimiliki."

"Na karai, mzee? Na mkono unaokaanga?"

"Karai ni lake. Achukue." Akacheka, na nadhani aliona ametoa kitu kikubwa.

"Nisieleweke vibaya," Elisaria akasema kwa upole wake. "Ni jina langu. Ningeitwa Yohana, leo tusingekuwa na mazungumzo haya."

Mama yake alikuwa anamimina chai. Alimimina vikombe vyote bila kumwaga tone, cha shemeji yake kwanza, kisha changu. Alipofika kwa mwanawe akasogeza sahani ya viazi. "Elisaria, kula kwanza. Hujala tangu asubuhi."

Nikasema nitakwenda mpaka kwa msajili ikibidi. Mzee Zakayo akanitazama kwa muda, kama mtu anayepima ng'ombe.

"Wewe Mwalimu, unaitwa mama nani?"

"Naitwa Mwalimu."

"Ndiyo maana," akasema, akanywa chai.

Mimi na Mama Elisaria tuliposhuka hadi kwenye kona ya mfereji, nilitegemea atalia. Hakulia. Alisimama, akakaza kitenge chake kiunoni. "Nataka changu," akasema. "Ile lebo nimeitengeneza kwa mikono hii. Nifundishe inadaiwa vipi."

Nimefundisha watu wengi, na sijawahi kusikia swali lililonifurahisha kama lile. Kesho yake tukaenda kwa afisa biashara, binti mwenye heshima aliyetupa viti na kutusikiliza mpaka mwisho. Akasema pingamizi linawezekana, kwa mtandao, ikiwa mama ataonyesha kwamba alilitumia jina kabla halijasajiliwa. Lakini lazima apinge kwa kitambulisho chake. Tukarudi pale pale, kwenye vidole.

Binti wa mashine ya alama akatupa dawa. Apumzishe mikono. Asimenye ndizi, asishike kisu, ajipake mafuta ya mgando, ngozi itajirudia. Mama Elisaria akamwangalia kana kwamba ameambiwa apumzishe moyo. Lakini alikubali. Nyumbani akasema mikono inauma, na akina mama wa darasa la Tengeru wakawa wanapanda kwake kwa zamu kummenyea. Walikuwa wamenyaji wabovu. Krispi zilitoka nene kama nyayo za ndala, wateja wakalalamika, na Elisaria akapanda mlimani kwa hasira kuuliza uzalishaji una nini.

"Uzalishaji unaumwa mikono," mama yake akamjibu.

Wenzake walisimulia jibu hilo darasani kwa siku nyingi, kila mmoja kwa sauti yake. Kuna mmoja alitaka tuliandike ubaoni.

Hatimaye mashine ikasoma. Kwanza kidole gumba, kisha kile cha pili, taa ya kijani ikawaka. Alitoka pale akiwa ameinua gumba juu kama aliyetoka kupiga kura, na barabarani alilitazama tena na tena. Nilimwona siku ile akiwa kijana kuliko siku niliyomjua. Kitambulisho kilipotoka, akasema pingamizi ataliandika mwenyewe. Hataki mkono wangu humo.

Alikuja Themi asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika. Nilimwashia ile kompyuta ya pembeni. Aliandika akitazama karatasi yake, hakutazama vidole hata mara moja. Barua ilikuwa fupi, ya kiume, kama Mama Aikande angesema, ingawa sikuwahi kujua kwa nini barua nzuri iwe ya kiume. *Mimi, Yunisi, ndiye niliyeanza.* Aliambatanisha lebo zake za kwanza. Aliambatanisha na ile picha ya wafadhili, ameshika mausi, pakiti zake zimepangwa mezani. Angalau siku hiyo picha ilipata kazi. Alisoma barua mara mbili, akarekebisha nukta. Haikuwa na kosa. Mshale ulikuwa umesimama juu ya neno Tuma.

"Nikituma inakwenda kwa nani?" akauliza. Alikuwa anajua.

"Kwa msajili."

"Halafu?"

"Halafu mwanao ataitwa ajieleze."

"Ofisini? Mbele ya watu?"

"Atajieleza kwa maandishi, au ataitwa. Ndiyo."

"Wataandika kwamba amemwibia mama yake."

"Wataandika kilichotokea."

Nje mfagizi alikuwa anamwagia maua. Nikamwambia mambo yote ambayo mwalimu anasema: kwamba ni haki yake, kwamba wenzake wa Tengeru wamemenya ndizi kwa ajili ya asubuhi hii, kwamba akiacha leo, kesho atakuwa kibarua kwenye jiko lake. Nilipandisha sauti. Hakukasirika. Aligeuza kiti akanitazama.

"Dada," akaniambia. Hakuwahi kuniita hivyo. "Kwenye kihamba cha wazazi wako anakaa nani?"

Sijui nani alimwambia. Akheri na kwetu si mbali, na watu wanaongea. Kwenye kihamba cha wazazi wangu, shamba la migomba lenye nyumba na makaburi yao, anakaa mdogo wangu wa kiume, yule niliyembeba mgongoni kwenda kliniki, niliyemlipia shule kwa vidole vyangu chini ya kanga. Alipooa, wazee wakakaa, wakasema mtoto wa kiume ndiye anayebaki kwenye kaburi la baba. Aliniletea habari hiyo mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa, na mkungu wa ndizi. Mimi nimepanga vyumba viwili Engutoto mpaka leo.

"Mdogo wangu," nikasema.

"Ulimshtaki kwa nani?"

Aliuliza kama mtu anayemuuliza fundi aliyemtangulia kazini: hapa wewe ulipitaje? Kisha akageuza kiti kwenye kioo.

"Ukimshinda mtoto wako," akasema, akitazama barua yake, "unakwenda kukaa na ushindi wapi?"

Nimefikiria jibu kwa miaka iliyobaki ya kazi yangu. Ninyi mlio na diploma za maendeleo ya jamii mkilipata, msiniletee kituoni, sipo. Waambieni akina mama. Nilichojua ni kwamba tulikuwa tumewapa akina mama kila kitu cha kupambana na mtu wa nje. Kijana wa hoteli, dalali, mteja mjeuri, hao Mama Elisaria aliwaweza kwa sentensi moja. Tulimfundisha kujiamini mbele ya kila mtu duniani isipokuwa wale wanaokula kwenye sahani yake.

"Basi tuihifadhi," nikamwambia. "Usitume leo. Ikae hapa, ukibadilisha mawazo utaikuta."

"Ikikaa, nitairudia," akasema. "Na siku moja nikiwa na hasira nitaituma. Najijua."

Akabofya. Hakuwa na haraka. Alifuta barua, akafuta na viambatanisho, kimoja kimoja. Kisha akafungua kikapu cha taka cha kompyuta, akamwaga na vilivyokuwa humo. Wanafunzi wangu wote husahau hatua hiyo. Kioo kilipomwuliza kama ana uhakika, alikubali bila kusitasita. Alitoka kwenye akaunti yake, akazima mashine kwa utaratibu, akafunika kibodi.

Kisha akasimama, akavaa sweta, akavitazama vidole vyake, vyekundu na laini kama vya mtoto.

"Niwahi, Mwalimu," akasema. "Kuna ndizi za kumenya. Elisaria ana oda ya hoteli."